Mkiniletea mchoro, nitatafuta kiti

Wadogo zangu mnaoanza usanifu wa mitambo, mchoro wangu wa kwanza kazini ulikuwa wa mnara wa tangi la maji. Kila nilipoingiwa na wasiwasi niliongeza chuma. Fundi wa kuchomelea aliutazama, akaniuliza, "Bosi, hili tangi litajazwa maji au zege?"

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nisome habari za chombo cha Apollo, mpango wa Marekani wa kupeleka watu mwezini, kilichotua huko. Kampuni ya Grumman, huko Bethpage, New York, ilipewa kazi hiyo mwishoni mwa 1962, na mhandisi wake mkuu alikuwa Thomas Kelly. Kilichowatesa zaidi ni uzito: kila kilo inayoshuka na kupaa inadai mafuta, na mafuta nayo yana uzito.

Michoro ya mwanzo ilikuwa na viti. Hapo ndipo pa kutulia. Rubani akikaa, macho yake huwa mbali na dirisha. Ili aone anapotua, dirisha lazima liwe kubwa, na kioo kikubwa ni mzigo, pamoja na fremu yake. Wakajiuliza viti ni vya nini hasa. Kushuka ni safari fupi, na mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa dunia, kwa hiyo magoti ya mtu yanatosha kupokea kishindo. Viti vikatolewa. Wanaanga wakasimama, wameshikiliwa kwa nyaya, uso karibu na kioo, na madirisha yakawa pembetatu ndogo. Kuta nazo zikapunguzwa mpaka sehemu nyingine zikabaki na unene wa takriban milimita 0.3.

Msidhani walikata ovyo. Injini ya kupaa ilikuwa moja, bila ya akiba. Ikigoma, watu wanabaki huko. Basi wakaifanya iwe rahisi kueleweka: gesi ya heliamu inasukuma vimiminika viwili vya kuendeshea injini, hakuna pampu, na vikikutana vinawaka vyenyewe. Nyinyi mngeweka injini mbili, na vali mara mbili za kuharibika.

Hata hivyo, chombo cha kwanza kilipofikishwa Florida, Juni 1967, kilikutwa kinavuja. Wakaziba, kikaruka bila watu Januari 1968.

Jumatatu leteni michoro yenu, na kilo za kila kipande zikiwa zimeandikwa pembeni. Asiyejua uzito wa kipande chake, huyo ndiye atakayeanza.