Si kile kikombe cha kahawa, mwanangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikausikiliza tena baba yako alipokwenda msikitini. Umeniuliza kama kile kikombe cha kahawa ulichokunywa kwenye harusi ya binti wa mama yako mdogo ndicho kilichokuharibia mwezi huu, usishike mimba. Unasema masharti yote uliyopewa na yule mama muuza dawa umeyashika: hakuna ngano, hakuna sukari, hakuna maziwa, pilipili wala embe, maji ya vuguvugu kila alfajiri, miguu ukutani kila baada ya kukutana na mumeo, na ile chupa ya kusafisha kizazi. Na bado siku zako zimekuja.

Jibu ni hapana. Kahawa haina kosa, na wewe huna kosa.

Kwa desturi yetu mambo haya ungempelekea somo yako, kungwi wako, naye angekujibu vizuri. Lakini umeniuliza mimi, na mimi nimekaa kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakujibu waziwazi, kama mama na kama mkunga.

Mwanamke anayetafuta mtoto hushauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, ambazo ni kama vikombe viwili vikubwa vya kahawa. Kile kikombe kidogo cha harusini, na kashata yake, hakifiki huko. Tena mwezi kupita bila mimba ndiyo hali ya kawaida. Mke na mume wazima, wa umri wenu, kila mwezi nafasi yao ni kama moja kati ya nne au tano. Miezi mingi hupita mitupu kwa aliyeshika masharti yote na kwa asiyeshika hata moja. Ukifika mwaka mzima, zaidi ya 80 kati ya kila 100 huwa wameshapata.

Humo ndimo masharti yanamopatia nguvu. Mwanamke akiacha ngano, miezi miwili baadaye akashika mimba, mtaa mzima utaambiwa ni ngano. Walioacha ngano na wasipate hawaiti mtu kumsimulia. Wao hurudi kwa muuza dawa, naye huwauliza, "Una hakika hukula kitu?" Na ukitafuta sana hukosi kitu ulichokula.

Wewe umezaliwa pwani, habari ya madafu unaijua. Tangu enzi za wazee wetu, mwanaume akitoka busha watu husema huyo kazidisha madafu. Wapo waliokaa chini ya minazi yao wenyewe umri mzima wakiyakwepa, na mabusha yakawapata vilevile. Ugonjwa ule huletwa na minyoo midogo mno inayoenezwa na mbu, hiyohiyo inayoleta matende, na mkoani kwetu dawa zake ziligawiwa watu wote, wagonjwa na wazima. Dafu halikuwamo kabisa katika kesi ile. Nakukumbusha haya kwa sababu hiyo ndiyo tabia ya sharti la chakula: mtu anahangaika na sahani yake, huku mbu anaendelea kuuma.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo uliponitia wasiwasi. Harusini kitenge chako kilikupwaya mabegani, na mwenyewe unasema siku zako, zilizokuwa zikija kila baada ya siku 28, sasa zinavuka 35. Mwanamke akipungukiwa chakula, ubongo hupunguza homoni zinazoamrisha yai kupevuka. Yai huchelewa, na wakati mwingine halitoki kabisa mwezi huo. Mwili unajihami tu, haujui kama njaa imeletwa na ukame au na karatasi ya masharti. Huenda basi hayo unayoyafanya ili upate mtoto ndiyo yanayokucheleweshea. Sikuambii haya ili ujilaumu upya. Nakuambia ule.

Kula chapati. Unga wa ngano wa viwandani hapa nchini, kwa kanuni za serikali, huongezwa madini chuma na asidi ya foliki, na foliki ndiyo ambayo nisingependa uikose hata siku moja. Nunua vidonge vyake famasi, vya mikrogramu 400, umeze kimoja kila siku kuanzia sasa, kabla ya mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana kitu tumboni, na foliki ikiwa haba hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Watoto hao nimewapokea kwa mikono yangu, na mama zao nimewaona. Kama karatasi yako ingekuwa na sharti moja tu, lingekuwa hili, na nimekusikia ukiisoma yote bila foliki kutajwa.

Embe kula. Papai lililoiva kula. Kula matembele, maharage, mayai, dagaa, changu wa nazi, machungwa ya Muheza yakiingia msimu. Ningekuomba kumwacha papa tu, najua unampenda, kwa sababu samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Umeona tofauti? Sharti hili nimekupa pamoja na sababu yake. Kila anayekukataza kitu muulize sababu, na akikujibu kwamba "kinaleta baridi tumboni" au "kinaamsha chango", muulize tena.

Ile chupa imwage. Kuhusu chupa hizi sitapunguza ukali, maana nimeona madhara yake. Kizazi hakihitaji kusafishwa, utando wake hutoka wenyewe kila mwezi, ndiyo hizo siku zako. Ukeni mna bakteria wazuri wanaolinda njia. Ukijiosha ndani kwa dawa, ukijifukiza au kuingiza vidonge vya mitishamba, unawaua walinzi hao na kuyafungulia njia maambukizi. Wanaouza hivi vitu husema vinazibua mirija. Mirija mara nyingi huzibwa na makovu ya klamidia na kisonono (magonjwa ya zinaa) ambavyo havikutibiwa, na vyote viwili vinaweza kukaa kwa mwanamke bila dalili yoyote. Vinapimwa hospitali, na vinatibika kwa antibayotiki. Kovu likishakaa dawa haiiondoi alama yake, ndiyo sababu nataka upime badala ya kubahatisha.

Miguu ukutani, ukipenda inue, haidhuru. Haisaidii pia. Mbegu zinazohitajika huwa zimeshapita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache, na hayo unayoyaona yakitoka ni majimaji tu.

Kuhusu siku, umesema simu yako inayohesabu siku zako huwaamuru mkutane usiku fulani na mumeo ameanza kuuogopa usiku huo. Mbegu huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5, yai huishi kama siku moja. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6, na ya mwisho ni ile yai linapotoka. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 akihesabia siku ya 14 atakuwa amewahi wiki nzima. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu, mwezi wote, siku hizo hazitawapita. Zima hiyo simu, mrudi kuwa mke na mume.

Sasa mumeo. Masharti yote uliyonisomea ni yako, yeye hana hata moja. Miaka yote ya kliniki nilikuwa nikiona wanawake wakija peke yao, na daftari la dawa walizokwishakunywa, wakati waume zao hawajapimwa hata mara moja. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mume unahusika, peke yake au pamoja na mke. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote za ndoa na mbegu zikawa chache au dhaifu, hayo ni mambo mawili mbalimbali. Supu ya pweza na anywe, ni tamu na ni chakula kizuri, lakini haitatuambia mbegu zikoje.

Yeye ana mambo yake ya kuangalia. Sigara na shisha huharibu mbegu, na kwako pia moshi huo ni adui. Bangi na pombe nyingi aviache. Umenidokeza kwamba huko Dodoma ameanza kwenda jimu. Muulize kwa upole kama kuna sindano za kujenga mwili anazochomwa, maana testosteroni ya sindano huzima utengenezaji wa mbegu. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo akibadili leo asitegemee tofauti mwezi ujao. Na kompyuta asiipakate mapajani kila usiku. Mbegu hazipendi joto.

Usidhani mko peke yenu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani. Kwa kawaida tungesubiri miezi 12 kabla ya kuhangaika na vipimo, au 6 kwa aliyevuka miaka 35. Kwa kuwa mzunguko wako umevurugika, wewe usisubiri. Watu hupeleka sadaka Mapango ya Amboni kuomba mtoto, na ingawa imani yangu hainipeleki huko, kiu yao naielewa, siwacheki. Dua yetu tuendelee nayo. Vipimo navyo vifanyike.

Mkija Idi, kaeni wiki moja. Nyote wawili twendeni hospitali ya Bombo, nami nitawasindikiza hadi mlangoni. Wewe utapimwa maambukizi, damu na homoni, pamoja na kichocho, kwa sababu utoto wako wote ulikuwa ukioga mtoni kwa bibi yako, na kichocho huweza kuumiza hata njia ya uzazi. Mumeo atatoa mbegu zipimwe, na kabla ya hapo akae siku 2 hadi 7 bila kukutana nawe. Hicho ni kipimo rahisi kuliko vyote mtakavyofanya, hakina sindano wala kisu, na ndicho nitakachotaka kiwe cha kwanza.

Mkweo akikuuliza tena mbona kimya, usimsomee orodha ya vyakula ulivyoacha. Mumeo ndiye wa kumjibu mama yake, amwambie wanaoshughulikia jambo hili ni wawili. Yale yanayomhusu mwanaume nimeshamweleza baba yako. Amenyamaza kidogo, kisha akasema atampigia mumeo Ijumaa baada ya swala.

Mama yako