Muulize Fundi: Ukikosea mafuta, usiguse ufunguo

Barua nyingi za safari hii zinazungumzia jambo moja, mafuta yasiyo ya gari kuingia tangini. Naanza na ile iliyonigusa zaidi, kwa sababu mwenyewe bado anasubiri jibu na gari lake limesimama.

Shikamoo fundi. Nina pikapu ya dizeli, ya kisasa, ndiyo inayonilisha. Mhudumu alikuwa ameshaweka petroli kama lita kumi na tano ndipo nikaona pampu siyo. Tangi lilikuwa na dizeli nusu. Sikuwasha, tuliisukuma pembeni. Mjomba wangu, aliyeendesha malori miaka mingi, anasema nijaze dizeli mpaka juu niende polepole, petroli itamezwa humo humo. Mdogo wangu anasema nisiiguse kabisa. Nimsikilize nani? — Mama wa pikapu

Marahaba, mama. Msikilize mdogo wako. Na pole, ingawa kwa kweli sehemu kubwa ya hasara umeshaiepuka kwa kutowasha.

Petroli ikiwa imetulia tangini haijaharibu kitu. Uharibifu unaanza inapovutwa kwenda mbele. Dizeli kwenye injini kama yako ina kazi mbili, kuungua na kulainisha. Pampu ya presha, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, haina oili yake ya pembeni, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Na presha yake si mchezo: tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu, lakini pampu hiyo inasukuma mafuta kwa bar 1,600, 2,000, nyingine zaidi ya hapo. Petroli hailainishi. Sisi mafundi tunaijua kwa kuoshea vipuri vilivyoganda grisi, na ndivyo inavyofanya ndani ya pampu: inaosha ule utando mwembamba wa mafuta, chuma kinabaki kikisaga chuma.

Hapo unatoka unga wa chuma, laini, unaometa ukiupaka kidoleni. Unga huo haubaki kwenye pampu. Unakwenda kwenye reli ya mafuta, lile bomba la pamoja linalogawa mafuta, unaingia kwenye nozo zinazoyapuliza kwenye injini, ambazo matundu yake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na mafuta yanayozidi yanaurudisha tangini ukazunguke tena. Ndiyo maana kosa la dakika moja linaweza kumaliza pampu, nozo zote, reli, mabomba na tangi kwa pamoja.

Mjomba wako hakudanganyi, anakumbuka magari mengine. Injini za dizeli za zamani, zenye pampu za presha ndogo, zilivumilia, na vitabu vya baadhi yake viliruhusu kuchanganya petroli kiasi wakati wa baridi kali ili nta ya dizeli isigande na kuziba filta. Ushauri wake ulitoka huko na ulikuwa sahihi huko. Kwa pikapu yako, lita kumi na tano juu ya nusu tangi ni mchanganyiko mbaya hata ukijaza pomoni.

Sasa fanya hivi. Ufunguo usiuzungushe hata hatua ya kwanza, ile ya taa za dashibodi kuwaka. Magari mengi yana pampu ya umeme ndani ya tangi, na hiyo inaanza kusukuma mafuta mbele swichi ikiwashwa tu, kabla ya stata. Yapo yanayoanza hata mlango wa dereva ukifunguliwa. Kwa hiyo mkiisukuma tena, itolewe gia tu, swichi ibaki imezimwa. Kama ni ya otomatiki, ita gari la kukokota. Fundi aje amwage tangi lote, abadilishe filta, aweke dizeli safi na atoe hewa kwenye mfumo. Kwa kuwa hukuwasha, kazi inaishia hapo.

Usikubali mtu akuambie mwache ilale usiku kucha ili petroli ipande juu waichote. Petroli na dizeli zikishachanganyika hazitengani, hata ukizingoja mwezi.

Simama pale tangi linapomwagwa, na baada ya hapo chukua karatasi nyeupe. Dondosha tone la dizeli unayoijua ni safi, na pembeni yake tone la mafuta yaliyobaki tangini. Dizeli safi inaacha doa la mafuta ambalo halikauki. Petroli inaruka ndani ya muda mfupi na kuacha karatasi karibu kavu. Doa la tangini likianza kukauka pembezoni na kunukia petroli, mwambie fundi bado hajamaliza. Karatasi haitakuonyesha petroli kidogo sana, lakini inatosha kumnasa aliyemwaga nusu nusu.

Fundi, mimi nilishaendesha. Niligundua baada ya gari la dizeli kuanza kukosa nguvu na kugonga. Fundi wa jirani alimwaga tangi, akabadilisha filta, akaniambia kwisha. Sasa asubuhi linachelewa kuwaka na taa ya injini haizimi. Nimeibiwa?

Sidhani umeibiwa, ila kazi iliishia katikati. Gari likishatembea na petroli, kumwaga tangi ni mwanzo tu. Kuchelewa kuwaka kunaniambia presha haijengeki upesi: ama pampu imelika, ama nozo zinavujisha.

Mrudie, au mpelekee mwingine mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na mwombe mambo mawili. Kwanza asome presha ya reli wakati wa kupiga stata, alinganishe na ile gari linayoidai. Pili afungue filta iliyotolewa, kama bado ipo, na filta mpya pia. Aikate karatasi yake, aitandaze juani. Ukiona kumetameta kama vumbi la fedha, pampu imeshajisaga, na kubadilisha nozo peke yake ni kutupa pesa, kwa sababu pampu ile ile itazijaza unga nozo mpya. Hapo ni mfumo mzima, tangi lioshwe pia. Najua ni habari nzito. Lakini ukitengeneza kipande kimoja kimoja utalipa mara mbili.

Kama hakuna unga, una bahati. Nozo zipimwe kwenye mashine ya kupimia, huenda ni moja au mbili tu.

Gari langu ni la petroli, la zamani kidogo. Liliniishia njiani, msamaria akaniwekea mafuta ya dumu. Lilikwenda kidogo, likakohoa, likatoa moshi mzito, likazima. Kumbe ni dizeli. Injini imekufa?

Haijakufa. Upande huu una nafuu. Petroli inageuka mvuke upesi, inachanganyika na hewa, na plagi inaiwasha. Dizeli haitoi mvuke kirahisi hivyo. Inaingia kwenye silinda ikiwa matone, inalowesha plagi, inaungua nusu, ndiyo moshi na kukohoa ulikokuona. Pampu ya petroli haiumizwi na dizeli kama ile ya dizeli inavyoumizwa na petroli.

Fundi amwage tangi, abadilishe filta, aoshe kabureta au nozo kutegemea gari lako lina nini, atoe plagi azisafishe au aweke mpya. Kisha achomoe kijiti cha oili akinuse: dizeli isiyoungua huteremka kando ya pistoni hadi kwenye oili. Kikinukia dizeli, au oili imepanda kupita alama, mwaga oili kabla ya kuwasha. Na usilipige stata mfululizo kulilazimisha, maana mafuta mabichi yakifika kwenye katalisti ya ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi, na kuungulia huko, yanaiunguza.

Wengi wanashangaa mbona kosa la upande huu ni adimu kwenye pampu. Ni kwa sababu mdomo wa bomba la dizeli una kipenyo cha milimita 25 hivi, na wa petroli 21 hivi. Shingo ya tangi la gari la petroli la kisasa ni nyembamba, mdomo wa dizeli haupiti, lakini ule wa petroli unateleza vizuri ndani ya shingo pana ya gari la dizeli. Shingo nyembamba zilianzia Marekani, kwenye magari ya mwaka 1975 yaliyokuja na katalisti, ili mtu asiweze kuweka petroli yenye madini ya risasi, ambayo huiua katalisti. Dumu na faneli havijui hayo. Anayebeba mafuta kwenye dumu aandike juu yake jina la mafuta, kwa herufi kubwa, wino usiofutika.

Mimi ni mhudumu wa pampu. Nimemwekea mteja petroli kwenye gari la dizeli, nimegundua dakika chache baada ya kuondoka. Wenzangu wanasema nikae kimya, gari likizima hatajua ni hapa. Naogopa kazi yangu.

Kijana wangu, barua imechelewa kunifikia na naamini umeshaamua. Nawajibu wengine watakaofikwa na hili.

Mtafute mteja mara moja. Kama kuna namba yake ya simu kwenye malipo, pigeni. Kama gari lilionekana kwenye kamera, msimamizi aambiwe sasa hivi. Kila dakika gari linapotembea, pampu yake inazidi kusagika. Akisimama baada ya mwendo mfupi huenda gharama ikawa ni kumwaga tangi na filta. Akifika mbali, ni mfumo mzima. Na ukiacha pesa, kuna usalama wake: gari linalozima ghafla katikati ya barabara yenye kasi, au linalokosa nguvu wakati wa kupita lori, linaweza kuua. Wanaokushauri kukaa kimya hawajafikiri nani yuko kwenye kiti cha nyuma.

Kazini, kabla ya kuinua bomba, soma maandishi ya kifuniko cha tangi, kisha taja jina la mafuta kwa sauti usubiri mteja aitikie. Usitegemee rangi ya mpini. Uingereza mpini wa kijani ni petroli na mweusi ni dizeli, lakini Marekani wa kijani mara nyingi ni dizeli, kwa hiyo mgeni anaweza kukosea huku akiwa na uhakika kabisa. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 2018 zinatumia maumbo kwenye pampu na kwenye magari mapya: duara kwa petroli, mraba kwa dizeli. Nayapenda, kwa sababu yanasomeka na mtu wa lugha yoyote.

Na nyie wenye magari, msiseme "jaza" mkarudi kwenye simu. Semeni "dizeli". Shukeni mwone.

Tangi letu limemwagwa, tumepata madumu mawili ya petroli na dizeli zilizochanganyika. Jirani anayataka kwa jiko lake la mafuta ya taa. Tumpe?

Hapana! Msimpe, hata akiwabembeleza, na kama ameshachukua mfuateni leo hii.

Jiko na taa za mafuta ya taa zimetengenezwa kwa mafuta yasiyotoa mvuke wa kuwaka kwenye joto la kawaida la chumba. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi joto kama 38, dizeli juu ya 50. Petroli inautoa hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Petroli kidogo tu inakishusha kiwango hicho kwa dumu zima. Mtu atawasha utambi, mvuke uliojaa ndani ya jiko utashika, na jiko litalipuka mbele ya uso wake. Familia zimeungua kwa namna hii.

Kwa sababu hiyo hiyo, kumwaga tangi si kazi ya kujifanyia nyumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji, na cheche moja inatosha. Kazi ifanyike mahali pa wazi, betri imechomolewa, kwa pampu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wala mtu asivute mpira kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni linaleta ugonjwa mbaya wa mapafu, na aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali moja kwa moja. Madumu yenu yafungeni, yawekeni mbali na moto na watoto, na yapelekeni gereji inayokusanya oili chafu. Si kwenye mtaro.

Nimemimina AdBlue kwenye tangi la dizeli, kama lita moja tu. Nina wasiwasi wa bure?

Wasiwasi wako ni wa haki. AdBlue, ile ya kusafishia moshi wa dizeli yenye tangi lake la pekee, ni maji yenye asilimia 32.5 ya urea. Haichanganyiki na dizeli, inazama chini kabisa, pale pale pampu inapovuta. Ikikauka inaacha chembe nyeupe kama chumvi zinazoziba, na inakula vyuma vya mfumo. Usiwashe. Tangi limwagwe na lioshwe. Ukiwa uliweka dizeli kwenye tangi la AdBlue, lile la kifuniko cha buluu, vile vile usiwashe, dizeli inaharibu mpira na pampu ya huko.

Gari langu linataka petroli ya oktani 95, nimeweka 91. Nimwage?

Usimwage. Endesha taratibu, usikanyage sana kwenye mlima wala kubeba mzigo mzito, na likifika nusu jaza 95. Ukisikia injini inagonga, punguza mguu.