Mama karuhusiwa, mtoto bado kalazwa: bima inasemaje?

Barua za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu wa Marekani, na karibu zote ni za uzazi na Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo.

*Mke wangu kajifungua juzi kwa upasuaji. Nesi anasema kesho asubuhi tunaondoka, na yeye hata kujigeuza kitandani hawezi. Bima inalipa siku ngapi? (Columbus, Ohio)*

Hongera, kaka. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inakataza bima kubana siku za mama na mtoto chini ya saa 48 kwa uzazi wa kawaida na saa 96 kwa upasuaji. Kampuni zinazoendesha Medicaid kwa niaba ya majimbo nazo zinabanwa nayo. Saa zinaanza mtoto anapozaliwa, si mlipofika mapokezi na uchungu. Kwa mapacha, anapotoka wa mwisho. Aliyejifungulia garini njiani anahesabiwa tangu alipolazwa.

Daktari anaweza kuwaruhusu mapema, lakini ashauriane kwanza na mama. Kwa hiyo mwombe daktari mwenyewe aje, na mumweleze vitu anavyoweza kuandika kwenye faili: hajasimama tangu jana, kidonda kinachuruzika, mtoto hashiki titi. Ukisema tu "amechoka", hakuna atakayeandika kitu. Zikipita saa 96, bima ina haki ya kudai sababu ya kitabibu. Homa, presha iliyopanda, au manjano kwa mtoto ni sababu.

*Mwanangu ni njiti wa wiki 28. Mimi nimeruhusiwa, yeye bado yuko kwenye mashine. Karani anadai namba ya bima ya mtoto, na hana. (Des Moines, Iowa)*

Pole, dada. Kama ulikuwa na Medicaid siku uliyojifungua, mtoto anahesabiwa kuwa nayo tangu siku hiyo hadi atimize mwaka, bila fomu ya maombi. Namba yako ndiyo yake mpaka apate ya kwake. Mpe karani hiyo. Kisha piga simu ofisi ya Medicaid ya jimbo uwaarifu kwamba umejifungua. Usingoje barua, maana bili za chumba cha njiti hazingoji.

Uliza pia uzito wake wa kuzaliwa. Chini ya gramu 1,200, mtoto anahesabika kuwa na ulemavu kwa ajili ya SSI, ile posho ya serikali kuu kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, na akiwa bado hospitali kipato cha wazazi hakiangaliwi. Fedha yenyewe ni ndogo, dola 30 kwa mwezi Medicaid inapolipa sehemu kubwa ya matibabu, lakini mpelekee ombi kabla hajatoka.

*Sina makaratasi. Nikienda leba, nani atalipa? (Msomaji wa Texas)*

Leba na kuzaa ni dharura, na Medicaid ya dharura hulipa kwa mwenye kipato kidogo anayeishi jimboni. Mtoto anapata mwaka wake kama wengine. Ila tangu 2025 serikali kuu imekuwa ikiipa idara ya uhamiaji taarifa za Medicaid, na suala liko mahakamani. Ongea na wakili wa uhamiaji mapema, mimba ikiwa bado changa. Uchungu ukishaanza, nenda hospitali, mengine baadaye.

*Nimeambiwa Medicaid ya ujauzito inakatika siku 60 baada ya kujifungua. Presha yangu haijashuka. (Louisville, Kentucky)*

Hiyo ni habari ya zamani. Tangu Aprili 2022 majimbo yameruhusiwa kuifikisha miezi 12, na karibu yote yamefanya hivyo, Kentucky ikiwemo. Hata ukianza kazi katikati ukalipwa zaidi, haikatwi. Ukirudishwa wodini kwa presha miezi mitatu baada ya kujifungua, inalipa.

*Wakati wa kutoka walimtumia binti yangu wa miaka 12 kutafsiri maelekezo ya dawa. Ni sawa?*

Si sawa hata kidogo, mama. Hospitali inayopokea fedha za shirikisho inatakiwa kukupa mkalimani bure, hata kwa simu. Na kama nyinyi ni wa Bukavu mkapewa mtu wa Mombasa msiyeelewana naye, ombeni mwingine kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.