Kifaransa cha mahakama za kale: ushauri kwa anayeanza kusoma sheria

Ukianza kusoma sheria Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, haupiti muda utakutana na estoppel, mesne profits, voir dire, autrefois acquit (utetezi kwamba mshtakiwa alishaachiwa huru kwa kosa hilo hilo). Maneno haya yalifika Afrika Mashariki pamoja na sheria ya Uingereza, nayo Uingereza iliyarithi kwa Wanormandi walioiteka mwaka 1066. Usikimbilie kamusi ya Kifaransa cha leo. Wanaopotea zaidi hapa ni wanaokijua vizuri Kifaransa chenyewe, hasa waliosomea Bujumbura au Lubumbashi kabla ya kuvuka mpaka.

Chukua bail. Kwa Mfaransa wa leo ni mkataba wa pango. Kwetu ni dhamana ya mshtakiwa. Shina ni moja, kitenzi bailler, yaani kukabidhi: mshtakiwa hukabidhiwa kwa wadhamini badala ya kukaa rumande. Ukishaelewa hivyo, bailment, yaani kumkabidhi mtu mali yako aitunze, haihitaji kukaririwa.

Voir dire, yaani mahojiano ya awali ya kumpima shahidi, ndiyo inayokosewa kuliko zote. Voir hii si "kuona". Ni neno la kale la "kweli", kutoka Kilatini verum, na ndilo lililomo pia ndani ya verdict, kauli ya kweli. Jambo hili lina uzito mahakamani. Hakimu anapomhoji mtoto mdogo kabla ya ushahidi, hamuulizi aliona nini. Anapima kama mtoto anaelewa maswali na anajua wajibu wa kusema kweli. Tanzania, tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima kwanza aahidi kusema kweli na si uongo. Ahadi hiyo isipoonekana kwenye mwenendo wa kesi, ushahidi wake unakuwa hatarini kwenye rufaa.

Basi ukikutana na neno geni, anza na mwaka. Sheria ya Westminster ya 1275 iliandikwa kwa Kifaransa hai, chenye sarufi yake, na wanasheria waliendelea kuripoti kesi kwa lugha hiyo karne nyingi. Mwaka 1362 Bunge liliagiza mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza, na sheria yenyewe ya kuagiza hivyo ikaandikwa kwa Kifaransa. Bunge la wanajamhuri, waliouondoa ufalme, lilijaribu kukiondoa Kifaransa mwaka 1650, mfalme aliporudi 1660 agizo likafutika, na mwisho kamili ukaja tarehe 25 Machi 1733. Katikati hapo lugha ilichakaa. Ripoti moja ya kesi inasimulia kwamba huko Salisbury, mwaka 1631, mfungwa alimrushia jaji kipande cha tofali, kikamkosa kidogo: "ject un brickbat a le dit Justice que narrowly mist". Hicho ni Kiingereza kilichofungwa kwa viungo vya Kifaransa, na ukikisoma kwa kanuni za mwaka 1275 hutafika popote.

Kisha angalia tahajia. Wanormandi waliandika lei na rei pale Paris ilipokuja kuandika loi na roi. Walikuwa na w pale Paris palipokuwa na g, ndiyo maana kuna warranty kando ya guarantee. Herufi u na v zilibadilishana bila mpangilio. Nayo s kabla ya konsonanti, ambayo Kifaransa cha leo mara nyingi kimeiacha, hubaki: estoppel inatokana na estouper, kuziba. Anayezuiwa na estoppel amezibwa mdomo na kauli yake mwenyewe ya awali. Kamusi ya Anglo-Norman iko bure mtandaoni, itumie hiyo.

Tahadhari na mesne. Hutamkwa "miin", s haisikiki, na wengi huiandika "mense" kwenye hati za madai. Maana yake ni "ya katikati". Mesne profits ni mapato ya kipindi cha katikati, tangu mtu aliposhikilia ardhi bila haki hadi aliporudisha. Sheria za mwenendo wa madai za Kenya na Tanzania zinahesabu alichopata au ambacho angeweza kupata kwa bidii ya kawaida, pamoja na riba, na zinaondoa faida iliyotokana na maendelezo aliyoyafanya yeye mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuandika kiasi, taja tarehe mbili, tafuta kodi ya soko ya eneo hilo kwa kipindi hicho, kisha toa sehemu iliyotokana na maendelezo yake. Ukiandika jumla tu bila uthibitisho, mara nyingi hutapewa kitu.

Asili ya neno isikupe hitimisho la kisheria. Mortgage ni "rehani mfu", na hata waandishi wa kale wa sheria ya Uingereza hawakukubaliana kwa nini. Glanvill, miaka ya 1180, alieleza kwamba mazao ya ardhi hayakupunguza deni. Littleton, karne ya 15, alisema mdaiwa asipolipa ardhi imemfia yeye, akilipa imemfia mkopeshaji. Leo Sheria ya Ardhi ya Tanzania inasema rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Mtihani ukikuuliza haki za benki, jibu kwa sheria hiyo.

Lakini kuna mahali ambapo maandishi ya kale yaliamua uhai wa mtu. Sheria ya uhaini ya Uingereza ya 1351 iliandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1916 ilimkabili Roger Casement, mpigania uhuru wa Ireland aliyetafuta msaada wa Ujerumani wakati wa vita, yule yule aliyefichua ukatili wa utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, nchini Kongo. Swali lilikuwa kama maneno "ou par aillours", au mahali pengine, yalimgusa mtu aliyewasaidia maadui akiwa nje ya nchi. Majaji wawili walikwenda kukagua hati ya asili kutafuta alama za mkato, kwa kuwa mkato ungeweza kubadilisha maana. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti mwaka huo. Sheria hiyo hiyo ilisema "compasser ou ymaginer" kifo cha mfalme, na vitenzi hivyo vimo hadi leo katika kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vikimhusu Rais. Ymaginer hapo ni kupanga njama, wala si kupitisha wazo kichwani. Kifungu chenyewe kinadai nia hiyo idhihirishwe kwa kauli, maandishi au kitendo, kwa hiyo unapokisoma, tafuta kwanza upande wa mashtaka umetaja kitendo gani.