Kwa anayeanza kupima upitishaji joto wa udongo wa Mwezi wa kuigiza

Wageni wengi wa kazi hii huanza kwa kuuliza udongo huu, unaotengenezwa duniani kuiga ule wa Mwezini, umetengenezwa na nini: basalti (mwamba wa volkano) ipi, kioo kiasi gani. Ni swali zuri, ila kwa upitishaji joto halibebi uzito mkubwa. Angalia kwanza hewa iliyobaki kati ya chembe, kisha namna chembe zilivyoshindiliwa.

Unga mkavu ukipimwa mezani hupitisha joto kama wati 0.1 hadi 0.2 kwa mita kwa kelvini. Uweke kwenye ombwe zuri, yaani mahali palipoondolewa hewa, utashuka hadi sehemu chache tu za elfu moja ya wati. Gesi ikiondoka, joto hubakiwa na vinjia vyembamba pale chembe zinapogusana, pamoja na mnururisho (joto linalosafiri kama mwanga), ambao mchango wake hukua kwa kipeo cha tatu cha halijoto. Ndiyo maana namba moja iliyopimwa kwenye halijoto ya chumbani haitoshi kuelezea ikweta ya Mwezi, ambako mchana hupita nyuzi 100 za Selsiasi na usiku hushuka chini ya 150 hasi.

Kausha udongo kwenye oveni kabla ya kuufungia kwenye chombo cha ombwe, maana unyevu utaendelea kutoa mvuke. Fungua pampu polepole mno. Ukiharakisha, hewa iliyonaswa hulipuka kutoka ndani, unga unaruka, na densiti (uzito kwa ujazo) uliyoihesabu haipo tena. Tena, kipimo cha kanieneo (shinikizo la gesi) kilicho karibu na pampu hakikuambii hali ya katikati ya unga.

Sindano ya kupimia, yenye waya wa kupasha joto kwa umeme na kipimajoto ndani, iweke kwanza, ndipo umimine udongo. Ukiichoma baadaye unashindilia udongo unaoizunguka na kupata jibu kubwa kuliko halisi. Jambo la namna hii liliwasumbua hata wataalamu wa Apollo 15, safari ya kwenda Mwezini ya 1971: uchimbaji ulibana udongo kando ya shimo, na makadirio ya joto litokalo ndani ya Mwezi, yaliyoanza karibu miliwati 31 kwa mita ya mraba, yakaja kushushwa hadi 21.

Halafu subira. Katika ombwe, tabaka la sentimita 5 laweza kuchukua wiki kadhaa kutulia, kwa hiyo tumia sampuli nyembamba na umeme kidogo. Barakoa ivae hata unapopima uzito tu. Vumbi hili ni laini na lina ncha kali.

Kwenye daftari, kila thamani iandikie kanieneo, densiti na halijoto yake. Zikikosekana hizo tatu, mimi siitumii.