Kwa mnaoanza kuandika maisha ya Jenerali Kotoka: msianzie uwanja wa ndege

Ndugu zangu mnaoanza masomo ya historia mwaka huu, kila mvua zinapokatika na baridi ya Juni kuanza kuuma hapa Iringa, mimi hupokea rasimu za wanafunzi waliochagua kuandika wasifu wa wanajeshi wa Afrika. Luteni Jenerali Emmanuel Kwasi Kotoka wa Ghana hachelewi kujitokeza, na karibu rasimu zote zinazomhusu huanzia mahali pamoja: asubuhi ya tarehe 17 Aprili 1967, karibu na uwanja wa ndege wa Accra, alipouawa na maofisa wadogo waliojaribu kuipindua serikali aliyoiweka yeye mwenyewe madarakani mwaka mmoja na miezi miwili kabla. Mwandishi akishaanzia hapo, miaka arobaini ya mtu huyu hugeuka njia ya kwenda kufa, na kila alichokifanya husomwa kama dalili ya mauti yake.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulipaswa kuliona kosa hili mapema kuliko wengine. Mgeni anayefika Kalenga na kusimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954, huondoka akidhani amemfahamu. Lakini aliyejiua mwaka 1898 ndiye aliyekivunja kikosi cha Wajerumani chini ya Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kati ya siku hizo mbili kuna karibu miaka saba ya uamuzi, mazungumzo na vita ambayo fuvu haliwezi kuisimulia.

Basi, anzeni na sonara. Kotoka alizaliwa tarehe 26 Septemba 1926 katika kijiji cha Alakple, upande wa Keta, akajifunza ufundi wa dhahabu kabla ya kuandikishwa mwaka 1947 katika jeshi la kikoloni la Gold Coast, kama Ghana ilivyoitwa wakati huo, akiwa askari wa cheo cha chini kabisa. Alipata kamisheni mwaka 1954 baada ya mafunzo ya Eaton Hall nchini Uingereza, kisha akatumikia Kongo pamoja na kikosi cha Ghana kilichokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Miaka ile saba ya kutoka kuruta hadi ofisa ndiyo ninayowaomba mkae nayo kwa muda mrefu, kwa sababu inaonyesha namna mkoloni alivyomfungulia Mwafrika mlango wa kamisheni kwa kuchelewa na kwa kipimo. Jambo hilo halikuwa la Ghana peke yake. Askari wa Tanganyika Rifles walipoasi tarehe 20 Januari 1964 katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, miongoni mwa madai yao yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, na kambi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya vita vya hapa kwetu.

Kuhusu vyeo, nina kosa langu mwenyewe la kuwaonya nalo. Katika insha yangu ya kwanza niliandika kwamba Jenerali Kotoka alimpindua Nkrumah, na mwalimu wangu akairudisha ikiwa imepigwa mstari mwekundu mahali hapo tu, bila neno lolote pembeni. Ilinichukua juma zima kuelewa. Tarehe 24 Februari 1966, Rais Kwame Nkrumah akiwa safarini kwenda Hanoi kupitia China, aliyetangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa alikuwa Kanali Kotoka, kamanda wa brigedi ya Kumasi. Ujenerali ulikuja baada ya mapinduzi na kwa sababu ya mapinduzi. Kumpa cheo hicho kabla ya wakati wake ni kumficha msomaji jambo zito, yaani kwamba kanali aliwaondoa wakubwa wake na kupanda juu yao, na kwamba maofisa wa ngazi za chini waliiona njia hiyo. Manung'uniko juu ya upandishaji wa vyeo yalikuwemo katika jaribio la mwaka 1967, na aliyeliongoza, Samuel Arthur, alikuwa luteni tu. Mwekeeni mtu kila cheo kwa tarehe yake.

Neno lenyewe la mapinduzi lina mtego katika Kiswahili. Tunalitumia kwa tukio la Zanzibar la tarehe 12 Januari 1964, tunalitumia kwa kanali aliyeteka redio, na wengine hulitumia hata kwa maasi ya Colito, ambayo yalikuwa ya askari wanaodai haki zao. Andikeni mapinduzi ya kijeshi mnapomaanisha hayo, jaribio la mapinduzi pale yaliposhindwa, na maasi pale ambapo askari wamekataa amri bila kuonekana kutaka kutawala. Msomaji asiachwe abahatishe.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi katika rasimu hizi. Meja Jenerali Charles Barwah, naibu mkuu wa majeshi ya ulinzi ya Ghana, aliuawa nyumbani kwake alfajiri ile ya tarehe 24 Februari 1966 baada ya kukataa kujisalimisha kwa waliotumwa kwake. Yeye pia ni jenerali aliyeuawa katika mapinduzi, na mapinduzi hayo yaliongozwa na Kotoka. Wanafunzi wanaomlilia Kotoka kurasa tatu humpa Barwah nusu ya sentensi, na wale wanaomchukia Kotoka kwa mapenzi yao kwa Nkrumah, ambaye jina lake tumelizoea tangu shule na limepewa ukumbi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, humtumia Barwah kama fimbo ya kumchapia mwenzake. Barwah anastahili aya zake mwenyewe, ziandikwe kwa kauli ya utendaji: askari walifika, walimtaka ajisalimishe, alikataa, walimpiga risasi.

Mtakutana pia na suala la Marekani. Nyaraka zilizofunguliwa zinaonyesha kwamba maofisa wa Washington walikuwa na habari za njama dhidi ya Nkrumah na walifurahia kuondolewa kwake. Kujua na kufurahi ni jambo moja, kupanga na kuamuru ni jingine. Andikeni kile ambacho waraka ulio mbele yenu unakibeba, msiuongezee mzigo.

Mnaotaka kuelewa maisha ya jeshini, wako wastaafu wengi kuanzia Mufindi hadi Rungwe. Nendeni kwa adabu, ombeni ruhusa ya kuandika, msiulize siri za kazi, wala msifungue mazungumzo kwa kuulizia kifo. Mzee mmoja niliyemwamkia kamwene, salamu ya Kihehe, na kuketi naye mchana kutwa alinieleza jinsi kuruta anavyofundishwa kutii kabla ya kuuliza, na tangu siku hiyo niliwasoma kwa jicho jingine askari walioambatana na Arthur kutoka mji wa Ho hadi Accra, kwa kuwa si kila aliyepanda gari usiku ule alijua anakwenda kufanya nini.

Mkishayaandika hayo yote, ndipo mfike tarehe 17 Aprili. Semeni kwamba Kotoka alikamatwa katika jengo la Flagstaff House mjini Accra, kwamba Luteni Moses Yeboah ndiye aliyemuua, na kwamba Arthur na Yeboah walipigwa risasi hadharani mwezi uliofuata. Uwanja wa ndege uliopewa jina la Kotoka baadaye, pamoja na ubishi wa miaka mingi wa Waghana kama ulistahili jina hilo, upeni sura nyingine, kwa maana hayo ni maisha ya jina lake, na yeye hakuyaona.