Kazi ya deni la taifa benki kuu: uanzie wapi

Mdogo wangu, umeuliza kama shahada yako ya uchumi inatosha kukuingiza kwenye uchambuzi wa deni benki kuu, au ukimbilie uzamili. Uzamili utahitajika, lakini usianze nao. Anza na hesabu.

Chukua deni la 60% ya pato la taifa, nusu yake kwa dola. Dola ikipanda 10% dhidi ya shilingi, deni linafika 63% bila serikali kukopa hata senti. Jenga jedwali hilo kwenye Excel kwa miaka 10: riba, ukuaji, nakisi, kiwango cha ubadilishaji. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanakokotoa deni zima kwa riba moja, wakati mkopo wa Benki ya Dunia na Eurobond (hatifungani ya serikali inayouzwa kwa wawekezaji wa nje kwa fedha za kigeni) havifanani hata kidogo.

Kisha jifunze mfumo wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) na Benki ya Dunia wa kupima uhimilivu wa deni, yaani kama nchi inaweza kulipa bila kuzidiwa, kwa nchi za kipato cha chini. Thamani ya sasa ya deni la nje, yaani malipo yake yote ya baadaye yakipunguzwa kwa 5% kwa mwaka ili yawe thamani ya leo, ina kikomo cha 30, 40 au 55% ya pato, kulingana na uwezo wa nchi kulibeba. Angalia pia malipo ya deni la nje dhidi ya mauzo ya nje. Malipo hayo ndiyo huuma kwanza. Kenya mwaka 2024 ilibanwa na Eurobond ya dola bilioni 2 iliyoiva Juni, ikakopa upya kwa riba ya 9.75%.

IMF ina kozi ya bure mtandaoni kuhusu uhimilivu wa deni. Imalize kabla ya kutuma maombi, na jedwali lako uliambatishe.